Mbegu Isiyo na Akiba

Ndugu zangu wa ukoo, mliotawanyika Maskati, Dubai, London na Toronto, tumezizoea kurasa hizi kwa picha za mababu, hati za ndoa na habari za nyumba ambazo hazimo tena mikononi mwetu. Leo naomba ruhusa yenu niandike juu ya chupa nane za jamu zilizokaa juu ya kabati la jikoni kwangu, hapa Portsmouth, kwa muda wa miezi kumi na sita, na juu ya mbegu zilizokuwamo ndani yake. Mtaniwia radhi mkiona kwamba nimeiacha habari ya ukoo. Sikuiacha.

Mwaka 2017 nilinunua okidi kwa mkuzaji mmoja. Nilikuwa nimesoma kwamba aina hiyo hutoka pwani yetu, na hilo lilinitosha. Jina lake la kitaalamu ni Angraecum eburneum, na jamii yake ya Afrika Mashariki huitwa giryamae, kwa jina la Wagiriama wa pwani ya Kenya. Huota juu ya miti na juu ya mawe ya matumbawe karibu na bahari, Kenya na Tanzania. Majani yake ni marefu na magumu, yamejipanga pande mbili kama nyuzi za ukuti. Ua lake ni la kijani hafifu lenye mdomo mweupe uliogeukia juu. Neno eburneum ni la Kilatini, na maana yake ni pembe ya ndovu. Mchana ua hilo ni kama halina harufu. Usiku ndipo linaponukia, kwa kuwa anayelichavusha ni nondo, naye hutembea gizani.

Nilikuwa na nia yangu. Nilitaka Mama alitambue.

Mama aliondoka Unguja mwaka 1964, naye ana umri wa miaka 22. Alipitia Mombasa, akafika Uingereza miaka saba baadaye, na mimi nikazaliwa hapa. Hakupata kutueleza mengi ya mwaka ule, wala hatukumlazimisha. Nilidhani kwamba mahali ambapo maneno yalishindwa, pengine harufu ingeweza kupita. Okidi ilipochanua Januari 2018, nilingoja hadi baada ya sala ya isha, nikazima taa za sebuleni, nikamketisha Mama karibu na dirisha. Alivuta pumzi mara mbili, taratibu, kama mtu anayepima udi dukani.

"Harufu yake nzuri," alisema. "La wapi ua hili?"

"La kwetu, Mama. La pwani."

"La kwenu, labda. Mimi silijui. Sisi uani tulikuwa na asumini, na kilua, na mrehani wa kutia kikubani. Hili silijui kabisa. Hebu washa taa."

Niliwasha taa. Siku ya pili nilimpigia simu mjomba, Maskati, nikamweleza kisa kile na kumtumia picha. Alicheka sana. Alisema kwamba yeye alikuwa akiliona mmea kama ule utotoni, walipokuwa wakienda kuogelea upande wa maweni. Kisha akaacha kucheka. "Dada yangu angelijulia wapi, mwanangu? Yeye kutoka nyumbani ilikuwa kwa buibui, kwenda harusini au matangani. Waliokuwa wakilijua ni wale waliokwenda maweni kukata kuni na kuchoma chokaa. Hao ndio wa kuwauliza, na hatukupata kuwauliza hata majina ya baba zao."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu yamenikaa. Sisi watoto tuliozaliwa ng'ambo tuna tabia ya kusema "Unguja yetu" kana kwamba kila jani la kisiwa kile lilipita mikononi mwa bibi zetu. Bibi zetu waliijua nyumba, na uani, na njia ya kwenda kwa jamaa. Kisiwa kilichobaki kilijulikana na watu wengine, na hao hawamo katika picha zetu.

Ua lilikuwa bado bichi, nami nilikuwa nimekwisha kushindwa. Nikaamua, kwa ukaidi tu, kulichavusha. Chavua ya okidi haipeperuki kama unga wa mahindi. Hushikamana ikawa vibonge viwili vya manjano, vimefichwa chini ya kifuniko kidogo. Nilivitoa kwa kijiti cha meno na kuvibandika mahali panapostahili. Jambo hili kwetu si geni kama nilivyodhani, kwani vanila nayo ni okidi. Aliyegundua njia nyepesi ya kuchavusha vanila kwa mkono alikuwa kijana wa miaka 12 wa kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, aliyezaliwa utumwani. Hiyo ilikuwa mwaka 1841. Njia yake ndiyo iliyotajirisha wenye mashamba ya vanila katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Mwenyewe alikufa fukara mwaka 1880. Nilipomsimulia Mama, alisema, "Basi yule naye hakuulizwa," akaendelea kuchambua mchele.

Sasa naomba mnivumilie nieleze mbegu hizi zilivyo, maana ndipo penye jambo lenyewe.

Tunda moja la okidi huweza kuwa na mbegu maelfu kwa maelfu. Ukilipasua, kinachotoka ni vumbi. Choroko, kunde, hata punje ya mtama, kila moja huzaliwa na chakula chake. Mche huanza kwa kula kile alichowekewa na mama yake hadi atakapopata jani na mzizi. Mbegu ya okidi haina akiba hiyo. Imeachiwa wepesi peke yake, ipate kuchukuliwa na upepo. Popote itakapoangukia, haitaota kwa nguvu zake. Yatakikana mahali hapo pawe na kuvu wa namna fulani, aingie ndani ya mbegu na kuilisha. Asipokuwapo, mbegu hukaa kitambo kisha hufa.

Wakuzaji wa Uingereza wa karne ya 19 hawakuijua sababu hii. Walichojua ni kwamba mbegu nyingi zilikufa, na kwamba zile chache zilizoota, aghalabu ziliota pale zilipomwagwa kwenye chungu cha mama yao, karibu na mizizi yake. Huko Exeter, safari ya saa chache kutoka hapa nilipo, John Dominy alikuza okidi ya kwanza ya kuchanganywa kwa mkono wa binadamu, ikachanua mwaka 1856. Ilipofika mwaka 1899, Mfaransa Noël Bernard aliitambua siri: kuvu waliokuwa katika mizizi ya mama ndio waliokuwa wakiwalisha watoto. Kisha mwaka 1922, Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alionyesha kwamba mtu anaweza kumkosa kuvu na bado akaotesha, mradi aipe mbegu sukari ndani ya chupa safi isiyo na kidudu chochote. Kazi inayofanywa leo jikoni na watu kama mimi imetoka kwake.

Neno "safi" nililichukulia kwa wepesi. Tunda langu la kwanza nililiacha likauke na kupasuka lenyewe. Nikaziosha mbegu kwa dawa ya klorini, nikazimwaga katika chupa sita peke yangu, usiku, mlango umefungwa, bila ya kumwambia mtu. Siku ya tano chupa zote sita zilikuwa na ukungu, wa kijivu, wa kijani na mmoja mweusi kama masizi. Kile kile kinacholisha mbegu kilikuwa kimelisha na ukungu, na ukungu ndio mwenye mbio. Nilizimwaga chupa, nikanyamaza.

Mwezi Machi 2020, mwaka wa korona, Mama alihamia kwetu. Okidi ilikuwa imechanua tena Januari ile, nami nilikuwa nimechavusha ua moja zaidi kwa mazoea kuliko kwa matumaini. Nyumba ikawa na watu wa vizazi vitatu waliofungiwa pamoja: Mama, mimi na mume wangu, na binti yetu aliyekuwa na miaka kumi.

Hapa inanibidi nikiri jambo. Mimi Kiswahili nimekipata kwa sababu Mama alikataa kunijibu kwa Kiingereza hadi nilipotimiza miaka saba. Ningelia, ningepiga miguu chini, naye angesema tu, "Sikusikii." Kwa binti yangu sikuwa na uthabiti huo. Nilirudi kazini nimechoka, nikasema naye kwa lugha iliyokuwa karibu ya mdomo. Nilijiambia kwamba damu yake ya Kiswahili ingemsemea siku moja. Damu haisemi. Mtoto alikuwa akimwamkia bibi yake "shikamoo", akapokea "marahaba", na baada ya hapo wawili wale walizungumza Kiingereza, mmoja kwa ufasaha na mwingine kwa subira.

Mwezi Novemba, mwezi wa kumi tangu kuchavusha, tunda lilikuwa nene na bado kijani. Nilikuwa nimejifunza kwamba tunda bichi ni afadhali, kwa kuwa ndani yake mbegu zimefungika wala hazijaguswa na hewa. Unasafisha ganda tu. Nikaanza kupika chakula cha mbegu: maji lita moja, sukari gramu 20, agari gramu 8, mbolea ya maji robo ya kipimo cha kawaida, na maji ya dafu mililita 100. Mama aliingia jikoni, akachukua pakiti ya agari, akaisogeza machoni, akanusa.

"Hii si chainagrasi? Hii ya kutilia faluda?"

"Ndiyo hiyo, Mama."

"Na hayo maji ya dafu ya nini?"

"Hupewa mbegu. Zinayapenda."

Alinitazama kwa muda. "Kumbe siku zote hizi unapika faluda, na umejifungia chumbani kama mwizi. Nipe mwiko."

Tangu hapo jikoni hapakuwa pangu tena. Alisema chainagrasi yangu haikuyeyuka sawasawa, na kweli haikuwa imeyeyuka. Alikoroga kama akorogavyo halua, mkono mmoja, bila ya kusimama, akalalamika kwamba halua hii haina samli wala iliki. Tuliipimia uchachu kwa karatasi, tukaimimina katika chupa kumi na mbili ambazo vifuniko vyake nilivitoboa na kuviziba kwa pamba, tukazipika katika sufuria ya presha dakika ishirini tangu mvuke ulipoanza kupiga mluzi.

Kazi ya kumwaga mbegu tuliifanya juu ya mvuke. Anayekosa chombo cha maabara huchemsha maji katika sufuria pana, huweka wavu juu yake, na hufungulia chupa katikati ya mvuke unaopanda, ili vumbi la hewani lisipate kushuka ndani. Yatakikana mikono mitatu au minne: mmoja apasue tunda, mwingine afungue chupa, mwingine ashike kifuniko kisitazame juu. Mama aliketi kwenye kiti akitoa amri. Kwa kuwa alikuwa katika kazi, na mvuke umejaa, na hakuna nafasi ya kutafuta maneno, alitoa amri hizo kwa Kiswahili.

"Fungua. Si hivyo, kidogo tu. Chota. Tia. Funika! Funika, mwanangu, unangoja nini?"

Binti yangu alifunika. Chupa ya pili alifunika kabla ya kuambiwa. Kwenye chupa ya tano nilimsikia yeye mwenyewe akiniambia mimi, "Mama, chota." Sikusema kitu. Nilichota.

Chupa nne ziliingia ukungu. Nane zilisalimika. Tuliziweka juu ya kabati, mahali penye joto, na kila asubuhi kabla ya masomo yake ya kompyuta binti yangu alipanda kiti kuzitazama, bibi yake akiuliza kutoka mezani, "Vipi?" Kwa wiki nane jibu lilikuwa "Hakuna." Wiki ya tisa vumbi lile lilikuwa limevimba na kupata rangi. Halikuwa jani wala mzizi, ila vitone vya kijani vidogo kuliko punje ya mtama.

"Bibi! Chupa anaota!"

"Chupa haioti," alisema Bibi. "Na si 'anaota'. Mtu ndiye anayeota, akilala. Mbegu inaota. Sema."

"Mbegu inaota. Mtu anaota akilala?"

"Naam. Na kwenye baridi yenu hii, mtu anaota moto."

Mtoto alipenda sana kwamba neno moja linafanya kazi tatu. Kwa miezi kadhaa nyumba yetu ilikuwa na mchezo huo: nani ameota, na ameota nini. Walikuwa na maneno yao, labda mia moja au mia na nusu, yote ya jikoni na ya chupa: mvuke, ukungu, pamba, mzizi, polepole, hamisha, usiguse, subira. Hayakutosha kusoma gazeti, lakini wenyewe waliona yanawatosha.

Miche tuliihamishia katika chupa mpya mara moja, na Machi 2022 tukaitoa, tukaiosha agari kwa maji ya vuguvugu, tukaipanda katika magome ya mti yaliyokatwa vipande vidogo. Ilikuwa 41. Mtu akitoka chupani, hewa yenyewe ni adui. Mingi ilikauka katika kiangazi cha kwanza, mingine iliozea mizizi kwa sababu niliimwagilia kwa huruma badala ya kwa kipimo. Mama alikuwa akiihesabu kila Ijumaa. Mche ukifa alisema, "Huo umekwenda," akataja idadi iliyobaki.

Mwishoni mwa 2023 alianza kukosea hesabu. Baadaye alianza kumwita binti yangu kwa jina la mdogo wake aliyefariki. Madaktari walitupa jina la maradhi, nami sina haja ya kuliandika. Wengi wenu mmelikuta majumbani kwenu. Ambalo hawakutuambia, na tuliliona wenyewe, ni kwamba Kiingereza kilianza kumtoka. Kilikuwa cha mwisho kuingia, kikawa cha kwanza kuondoka. Miaka 50 na zaidi ya sokoni, kazini na kwa majirani, ilimtoka neno baada ya neno, hadi mwaka jana ambapo muuguzi aliyekuja kumpima damu alisema naye naye akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba.

Kiswahili kimebaki. Si chote, wala si kila siku. Usiku mmoja wa baridi nilisikia sauti chumbani mwake, nikaenda nikasimama mlangoni. Binti yangu, sasa ana miaka 15, alikuwa ameketi kitandani kwa bibi yake ameshika chungu kimojawapo.

"Nimeota," alikuwa akisema Mama, ana wasiwasi. "Nimeota niko uani na mlango haufunguki."

Mtoto hakuwa na maneno ya kumliwaza. Hakuna aliyemfundisha neno "usihofu" wala "ni ndoto tu". Akatafuta katika yale mia na nusu aliyonayo.

"Umeota kama mbegu, Bibi?"

Kimya. Kisha Mama akacheka, kile kicheko chake cha zamani cha puani. "Mtu haoti kama mbegu. Nimekwambia mara ngapi? Hebu lete nione. Umeumwagilia?"

"Nimemwagilia. Polepole."

"Wangapi wamebaki?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja," alisema Mama, akalala.

Nilirudi jikoni nikaketi. Nilikuwa nimelitaka ua limrudishe Mama mahali ambapo, kama alivyonieleza mwenyewe, hakupata kulijua ua hilo. Kilichomfaa kilikuwa ni zile amri chache zilizotolewa katika mvuke, kwa mtoto ambaye mimi nilimwachia wepesi bila ya akiba. Nilikuwa nimengoja damu ifanye kazi ambayo yatakikana mtu aketi na kuifanya, siku kwa siku, na kijiko mkononi.

Miche ile kumi na moja haijachanua. Majani ya mkubwa wao yamefika shibiri moja, na okidi ya namna hii huchukua miaka mingi kabla ya ua la kwanza. Simdanganyi mtu kwamba Mama atalinusa. Yeye mwenyewe, siku zake nzuri, hajali. Anachouliza ni kama maji yamepita.

Ndugu zangu, chumba changu hakitoshi miche kumi na moja ikikua. Binti yangu amechagua mitano ya kubaki nayo. Sita natafutia nyumba kwa watu wa ukoo mlioko hapa Uingereza. Sitaki malipo. Sharti ni kwamba mche usije kuchukuliwa na mtu mzima peke yake. Njoo na mtoto, na kama una mzee anayeweza kupanda gari, njoo naye pia. Binti yangu atawaonyesha kumwagilia. Ataonyesha kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kina makosa. Naomba asisahihishwe na yeyote ila Bibi.